Visu, Mapanga na Misumeno: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wageni wa Sebule Yangu

Nilikuwa karani katika bandari ya Kilindini kwa miaka mingi, na tangu nistaafu nimekuwa na sebule ambayo wageni huingia wakiutazama ukuta kabla ya kumtazama mwenye nyumba. Maswali wanayouliza ni yale yale, na kahawa yangu hupoa nikiwajibu. Nimeona heri niyaandike majibu mara moja, mgeni ayasome mwenyewe huku mimi nikinywa kahawa ingali moto.

Una zana ngapi za kukatia kwa jumla?

Kwa hesabu yangu ni 143, nikijumlisha mikasi na nyembe. Kwa hesabu ya mke wangu ni 142, kwa kuwa anashikilia kwamba kisu kimoja ni mali ya jiko lake na hakijapata kuwa sehemu ya mkusanyiko huu, ambao yeye huuita kwa jina jingine nisilopenda kuliandika. Suala hilo nitalirudia.

Majirani hawaogopi kuishi karibu nawe?

Mwanzoni waliogopa. Siku hizi huja kuazima, na sasa mwenye hofu ni mimi. Wiki moja kabla ya Idi ya kuchinja mlango wangu haufungwi, maana mafunzo ya dini yanamtaka mchinjaji anoe kisu chake vizuri ili mnyama asiteseke, tena asikinoe mbele ya mnyama huyo, na mtaa mzima umeamua kwamba mahali palipo mbali na macho ya mbuzi ni barazani kwangu.

Ni zana ipi iliyo kongwe kuliko zote?

Zana kongwe kuliko zote sinazo, wala sipaswi kuwa nazo, kwa sababu vitu vya kale vinavyofukuliwa katika ardhi ya Kenya vinalindwa na sheria na mahali pake ni makumbusho. Mawe yaliyobanduliwa makali huko Lomekwi, magharibi mwa Ziwa Turkana, yana umri wa takriban miaka milioni 3.3, na ndiyo zana kongwe zaidi za mawe zinazojulikana duniani.

Karibu zaidi na sisi kuna Panga ya Saidi, katika Kaunti ya Kilifi. Nakiri kwamba nilipolisikia jina hilo mara ya kwanza nilifunga safari nikiwa na gazeti la kufungia na pesa kidogo mfukoni, nikidhani kuna Saidi fulani aliyeacha panga ambalo jamaa zake wangekubali kuliuza. Sarufi ingeniokoa na nauli hiyo, kwani panga la kukatia lingekuwa «la Saidi» na si «ya Saidi». Panga ya huko ni pango. Hata hivyo sikurudi mikono mitupu kabisa, kwa sababu nilijifunza kwamba tabaka za udongo wa pango hilo zinaonyesha wakazi wake, kuanzia miaka 67,000 hivi iliyopita, wakianza kutengeneza zana ndogo kuliko zile za waliowatangulia. Sina shaka kwamba wazee wa pangoni walikaa wakilalamika kuwa vitu vya siku hizi ni vyepesi na havidumu.

Kuna tofauti gani kati ya upanga na panga?

Upanga ni wa vita na panga ni la shamba. Lugha yetu huondoa «u» ili kukikuza kitu, lakini panga la shambani ni fupi kuliko upanga wa sultani. Kilichokuzwa hapo ni upana wa bapa, na labda pia manufaa. Jambo linalonifurahisha zaidi ni kwamba Waingereza walilichukua neno hilo kutoka kwetu wakaliingiza katika kamusi zao, kisha viwanda vya Birmingham vikafua mapanga na kutuletea. Nina manne yenye chapa ya mamba kutoka huko. Kila niyatazamapo nakumbuka kwamba tuliuziwa neno letu wenyewe, likiwa limetiwa mpini.

Kabla ya Birmingham watu wa Pwani walikata kwa nini?

Swali hili huulizwa na vijana wanaodhani historia ya chuma ilishuka na meli ya mkoloni. Mwongozo wa mabaharia ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1 unataja bidhaa zilizoletwa mwambao huu kutoka Uarabuni: mikuki iliyofuliwa Muza, huko Yemen, hasa kwa ajili ya soko letu, pamoja na mashoka, visu vya kiunoni na vyuma vya kutobolea. Karne 11 baadaye al-Idrisi, mwanajiografia aliyeandika huko Sicily, aliwasifu watu wa Malindi na Mombasa kwa kuchimba chuma, akasema kuwa chuma ndiyo biashara iliyowaletea watu wa Malindi faida kubwa kuliko zote. Kwa hiyo tulinunua, kisha tukauza, kisha tukanunua tena kutoka Uingereza, na sasa mafundi wa jua kali wanaokota springi za malori yaliyokufa na kufua wenyewe. Springi ya lori, kwa taarifa ya wanaoidharau, ni chuma kizuri sana, chenye kaboni ya takriban asilimia 0.6, ndiyo maana panga lililotokana nayo hupinda kidogo na kurudi, ilhali panga la bati nene hupinda na kubaki limepinda kama mtu aliyepokea habari mbaya.

Je, visu vya zamani ni bora kuliko vya sasa?

Wanaouliza swali hili kwa kawaida wanataka niseme ndiyo, waende wakawasimange wake zao walionunua visu vipya. Jibu la haki ni refu.

Kisu cha zamani, kile ambacho wazee wetu wangekiita cha feleji, ni chuma na kaboni bila mengi mengine. Hunoleka upesi na hushika makali vizuri, lakini kina wivu: ukikitumia kumenya embe bichi kisha ukakiacha juu ya meza uende kuitikia simu, utakikuta kimekuwa cheusi, na embe nalo limeonja chuma. Ndimu hukitia madoa, na hewa ya chumvi ya hapa kisiwani hukitia kutu hata kikiwa kimelala. Kisu cha sasa kimechanganywa kromiamu, angalau asilimia 10.5, na kromiamu hiyo hujenga utando mwembamba usioonekana ambao huzuia kutu. Aliyeleta ugunduzi huo sokoni ni Harry Brearley wa Sheffield, mwaka 1913, wakati alipokuwa akitafuta chuma cha kutengenezea mitutu ya bunduki isiyolika haraka. Alitafuta bunduki akapata kijiko, na dunia ingekuwa na utulivu zaidi kama watafiti wote wa silaha wangepotea njia namna hiyo.

Hapa nisahihishe kosa ambalo nimelisikia hata kwa wauza vyombo. Watu hupima kisu kwa sumaku, wakasema kwamba kikinasa basi si kile kisichoshika kutu. Kipimo hicho hufaa kwa masufuria na vijiko vingi, lakini kwa visu ni upotoshaji, kwa sababu chuma kisichoshika kutu kinachotengenezewa visu ni cha aina inayoweza kukazwa kwa moto, na aina hiyo hunasa sumaku vilevile. Kipimo bora ni kipande cha ndimu na dakika 10 za subira.

Kuhusu ubora, hakimu wangu ni mama mmoja auzaye mboga katika soko la Kongowea. Huikata sukuma wiki hewani, bila ubao, huku akizungumza na wateja watatu, na majani huanguka membamba kama nyuzi. Kisu chake kimenolewa miaka mingi hadi bapa limebaki na upana wa kidole, na mpini umefungwa kwa kitambaa cha leso. Nilimwomba tubadilishane, nimpe kipya cha Kijerumani ambacho kilikuwa bado ndani ya boksi. Alikipokea, akakikatia majani mawili, akanirudishia. «Mzee,» akasema, «hiki chako hakijui mkono wangu, na mimi sina muda wa kukisomesha.»

Ni kweli kwamba msumeno hukata mbele na nyuma?

Hili ndilo swali nililolichunguza kwa muda mrefu kuliko yote, kwa kuwa linahusu sheria za nchi. Sote tumefundishwa kwamba sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma, nami nilipopata misumeno saba niliamua kuihoji mmoja mmoja.

Msumeno wa kawaida wa fundi seremala, wenye asili ya Ulaya, hukata unaposukumwa tu. Unapouvuta nyuma meno huteleza na kutoa unga wa mbao nje. Msumeno wa Kijapani hukata unapovutwa tu, na kwa sababu hiyo bapa lake huweza kuwa jembamba sana, maana kitu kinachovutwa hakijikunji. Msumeno mrefu wa kupasulia magogo, ambao mtu mmoja husimama juu ya gogo na mwenzake shimoni, hukata ukishuka tu, na anayekaa shimoni hupata unga wa mbao machoni kama mshahara wa ziada. Unaokata kwenda na kurudi ni ule wa kuangushia miti, wenye mipini miwili na watu wawili, ambao meno yake yamechongwa pande zote mbili.

Nimefikia uamuzi kwamba aliyetunga msemo huo aliwatazama watu wawili wakiangusha mti. Sheria, basi, hukata mbele na nyuma pale tu ambapo kuna mtu makini ameshika kila upande wa mpini. Wakili mmoja aliyenitembelea aliomba nakala ya sentensi hiyo, na sijui ameitumia wapi.

Mbuzi ya kukunia nazi ni zana ya kukatia?

Mke wangu anasema ni kiti. Mimi nasema ni zana, kwa kuwa ile ncha ya chuma yenye meno mbele hukwangua nyama ya nazi kwa kanuni ile ile ya msumeno, na mwenye shaka aipapase gizani. Ninazo tano, zote za kukunja, na moja ina nakshi ubavuni. Mashine ya kusagia ya umeme imeipokonya mbuzi kazi katika nyumba nyingi za Mombasa, nami siilaumu mashine, isipokuwa kwamba husaga pamoja na ile ngozi ya kahawia asipokuwa mwangalifu mpishi, na tui likatoka na rangi ya maji ya mvua. Kifuo, kile kijiti kilichochongoka cha kufulia makumbi, sikukiingiza katika hesabu. Hakuna sababu ya kitaalamu, kiliwahi kunichoma.

Jambia lililo juu ya mlango ni la zamani kiasi gani?

Aliyeniuzia aliniapia kwamba lilitumika Wareno walipozingirwa ndani ya Fort Jesus kati ya 1696 na 1698. Nilimwamini kwa siku nne. Siku ya tano nililipangusa kwa kitambaa chenye mafuta, na kutu ikatoka yote kwa mpanguso mmoja, jambo ambalo kutu ya miaka 300 haiwezi kukubali. Kutu ya kweli huchimba chuma na kuacha vishimo. Kutu ya kuloweka katika maji ya chumvi hukaa juu kama poda. Chini ya kutu hiyo kulikuwa na alama safi za mashine ya kusagia. Nimelitundika mlangoni ili kila nikitoka kwenda kununua kitu niinamishe kichwa.

Kwa wanaoanza, neno moja la msaada na jingine la onyo. La msaada ni kwamba maandishi yaliyogongwa kwenye bapa husaidia kukisia umri: tangu sheria ya Uingereza ya 1887 kuhusu alama za biashara, bidhaa za kigeni zilizoingizwa huko zilianza kuandikwa nchi zilikotoka, kwa hiyo kisu chenye jina la nchi huwa, kwa kawaida, cha mwisho wa karne ya 19 au baada ya hapo. La onyo ni kwamba mipini ya majambia ya thamani ya Yemen ilitengenezwa kwa pembe ya kifaru, na soko hilo lilichangia balaa la vifaru weusi wa Kenya, ambao walikuwa kama 20,000 mwaka 1970 na hawakufika 400 mwishoni mwa miaka ya 1980. Kumiliki pembe hiyo hapa nchini ni kosa kubwa la jinai. Ukiletewa jambia la aina hiyo, usiliguse hata kwa bei ya bure.

Na hiki kisu kilichopinda kama mwezi mwandamo?

Ni kotama, kisu cha mgema. Mgema hupanda nacho mnazini asubuhi na jioni, akakata kipande chembamba sana cha kole, yaani kikonyo cha maua ya mnazi, ili utomvu uendelee kutiririka. Akikata kinene huimaliza kole kabla ya wakati wake, na kisu butu huiponda ikaziba. Kwa hiyo katika zana zangu zote hakuna inayodai makali mengi kuliko hiyo, wala mwenyewe aliye juu zaidi kutoka ardhini. Watu humtaja mgema kwa maji anayotia tembo pekee, na kotama yake hawaitaji.

Msumeno wa mnyororo unao?

Ninao mmoja, ule ambao wengi huuita pawaso, na haufanyi kazi, kwa sharti la mke wangu. Wageni husema kwamba hicho ndicho chombo cha kisasa na cha kikatili kuliko vyote. Ajabu ni kwamba asili yake haikuwa msituni. Mwishoni mwa karne ya 18 madaktari wawili wa Scotland, John Aitken na James Jeffray, walibuni msumeno mdogo wa mnyororo uliovutwa kwa mikono, wa kukatia mfupa ulioharibika na kuipanua nyonga ya mama aliyeshindwa kujifungua. Mgeni akishalisikia hilo, huacha kuuliza kuhusu pawaso, na mara nyingi huacha pia biskuti yake.

Zana mpya unayoiheshimu ni ipi?

Ni kile kisu cha kukatia karatasi na maboksi chenye wembe mrefu uliochorwa mistari, ambao ncha ikiwa butu unaivunja na kusogeza nyingine. Kilibuniwa Japani mwaka 1956 na Yoshio Okada, aliyepata wazo hilo kwa vipande vya kioo kilichovunjika na kwa chokoleti inayokatwa kwa mistari yake. Jina la kampuni yake, Olfa, limetokana na maneno ya Kijapani yenye maana ya kuvunja makali. Lau Okada angeishi Mombasa, chokoleti ingeyeyuka mkononi kabla ya wazo kufika.

Nitanoaje kisu changu nyumbani?

Kwa kinoo, maji na utulivu. Pembe inayofaa kisu cha jikoni ni kama digrii 20 kila upande, na panga liwe kama 30, kwa sababu makali membamba ya panga hubonyea yakikutana na kifuu. Usiye na kipimo, chukua karatasi yenye kona ya mraba, ikunje kona hiyo katikati upate digrii 45, ikunje tena upate 22 na nusu. Egemeza bapa hapo, na mkono ukishazoea utupe karatasi. Vuta kutoka shina hadi ncha, upande mmoja mpaka uhisi ukingo mdogo umejikunja upande wa pili, kisha geuza.

Wapitao mitaani na cherehe ya baiskeli wana kazi nzuri ukiwapa panga, lakini kisu chembamba kiangalie kwa makini. Cheche nyingi maana yake ni joto jingi, na makali yakigeuka rangi ya samawati yamelegea hapo, na hayatakaa tena mpaka sehemu hiyo isagwe yote iishe. Mwambie fundi achovye kisu majini kila baada ya mizunguko michache. Atakutazama kama mtu uliyemfundisha mama yake kupika pilau, lakini mwambie.

Unazuiaje kutu katika hewa hii ya bahari?

Kwa mafuta na kwa kutovipa visu ala. Ala ya ngozi hunyonya unyevu na kuubana kwenye chuma, kwa hiyo kisu kikae nje na ala ikae kando. Vinavyogusa chakula navipaka mafuta ya nazi, ambayo huganda chini ya digrii 24 hivi na kwa sababu hiyo huwa maji hapa kwetu karibu mwaka mzima. Vingine navipaka mafuta ya cherehani. Kutu nyepesi huondoka kwa siki. Ule weusi wa uzee usioliwa na kutu uache, kwani ukiupiga msasa umekifuta kisu umri wake na nusu ya thamani.

Serikali inajua kuhusu zana hizi?

Serikali yenyewe ina shoka. Tazama nembo ya taifa: katikati ya ngao yuko jogoo mweupe, naye ameshika shoka mguuni. Nembo hiyo imo kwenye sarafu zetu, kwa hiyo kila Mkenya mwenye shilingi hutembea na jogoo huyo mfukoni. Lakini usichukulie hilo kama ruhusa. Kubeba silaha hadharani bila sababu halali ni kosa, na mizigo ya treni na ndege hukaguliwa. Nilipowahi kumweleza mlinzi wa mahali fulani kwamba kifurushi changu ni «mundu wa kihistoria», aliniomba nieleze historia hiyo mbele ya mkubwa wake, na gari likaondoka.

Nyumbani mnatumia kisu gani?

Hapa ndipo penye ile hesabu ya 143. Ni kisu kidogo chenye mpini wa plastiki ya manjano, kilichonunuliwa Marikiti kwa bei ya vitumbua vichache, na mke wangu hukinoa kwa kitako cha kikombe, mara nne hivi kila upande, huku akitazama taarifa ya habari. Ndicho hukata vitunguu, mchicha, samaki, kamba za magunia na kadi za mwaliko zilizogandishwa. Nimekijaribu na ndimu na kinoo changu bora, na sina la kukisema vibaya.

Siku moja alipokwenda harusini nilikitundika ukutani, kati ya kotama na tezo la fundi wa majahazi, kikapendeza. Kabla ya magharibi kilikuwa kimerudi jikoni. Msumari bado upo, na wageni huniuliza kwa nini hauna kitu.